Fyuzi ya 35 isiyo 35

Kila pikipiki ya zamani inayofika kwenye kibaraza changu huja na swali lile lile: "Mama, tuweke fyuzi ya ngapi?" Na mwenye kuuliza huwa ameshajibiwa njiani. Kuna fundi amemwambia aweke kubwa, hiyo haitakufa tena. Kweli, haitakufa. Itakayokufa ni waya, na waya haifi kimya: inafuka moshi chini ya tangi la petroli.

Kazi yangu hasa si pikipiki. Mimi huviringisha upya mota zilizoungua: za vinu vya mahindi, za pampu za visima, mara moja moja jenereta ndogo. Niko Kenya, Lubumbashi, Kongo (wasomaji wa Nairobi wasishtuke, Kenya yetu ni komini, yaani sehemu ya mji, yenye soko kubwa, si nchi). Kwa kuwa nina mikromita na mita nzuri ya umeme, watu huniletea kila kitu chenye waya kilichowashinda wengine. Motari wa hapa, yaani wabeba abiria kwa pikipiki, wanaendesha pikipiki za Kichina na za Kihindi, na hizo hawaniletei, wana mafundi wao kila kona. Zinazokuja kwangu ni za wazee. Na za Kiingereza, hizo chache ninazoziona, karibu zote zimevuka mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Kitwe, Ndola au Chingola, upande wa Zambia, walikotawala Waingereza mpaka 1964.

Julai iliyopita, katika ule ukame wetu wa baridi na vumbi jekundu, alikuja papa mmoja (ndivyo tunavyomwita baba mzee) mstaafu na Triumph TR6, silinda mbili, sentimita za ujazo 650. Aliirithi kwa mjomba wake aliyefanya kazi migodini Kitwe. Pikipiki nzuri, tangi halijapondwa, ekzosi zote mbili zipo. Lakini ukikata usukani wote kushoto, taa ya mbele inafifia na kunanuka plastiki.

"Fyuzi iko sawa?" nikamuuliza.

"Iko sawa kabisa, mama. Tuliweka ya nguvu."

Nikainua kiti. Ilikuwa ile ya plastiki yenye miguu miwili, rangi ya chungwa. 40.

Nikamuuliza 40 ilitoka wapi. Akaingiza mkono mfukoni akatoa fyuzi ya kioo ya zamani, ameifunga kwenye leso, na ndani ya kioo kuna kikaratasi chembamba kimeandikwa 35. Fundi wake alizunguka soko zima akaikosa 35, akachukua inayofuata. Kwa hesabu ya kawaida hakukosea sana: ampea tano tu. Ila ile 35 haikuwa 35.

Hapa ndipo penye siri ya pikipiki hizi, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Vifaa vya umeme vya Triumph, BSA na Norton vya wakati ule karibu vyote vilitengenezwa na kampuni moja ya Uingereza, Lucas. Lucas walipoandika namba kwenye fyuzi zao za kioo, waliandika mkondo unaoikata. Wengine, na fyuzi zote za plastiki unazonunua leo, huandika mkondo ambao fyuzi inaubeba bila kukatika. Fyuzi ya Lucas ya 35 hubeba kwa kudumu ampea 17.5 tu, nusu yake. Ni kama namba za viatu: mtu wa Ndola akikuagiza namba 8, ukienda dukani hapa mjini ukaomba 8 utapewa kiatu cha mtoto mchanga, kwa sababu sisi tunahesabu kwa kipimo kingine na mguu wake huku ni 42. Tofauti ni kwamba kiatu kikikosewa unakiona palepale. Fyuzi ikikosewa inakaa kimya miaka.

Kwa hiyo ukiona 35 kwenye kikaratasi cha Lucas, au kwenye kitabu cha pikipiki yenyewe, mawazo yako yaende kwenye 15 ya kisasa. Wako wanaoweka 20 na sigombani nao, mradi waya inaruhusu. Nitafika kwenye waya.

Kwanza ieleweke fyuzi inafanyaje kazi, kwa sababu watu wengi wanadhani ya 15 inakatika mkondo ukifika 15 na nukta. Haiko hivyo. Fyuzi ya kawaida ya miguu miwili, ukiizidishia asilimia 10 juu ya namba yake, inatakiwa ivumilie zaidi ya saa 100. Ukiizidishia asilimia 35 inaweza kuchukua hadi dakika 10 kabla ya kukatika. Ukiipa mara mbili ya namba yake, ndiyo inaondoka ndani ya sekunde 5. Sasa rudi kwa papa wetu na 40 yake. Ampea 44 zingepita siku nne na fyuzi isitikisike. Ampea 54 zingepita dakika kadhaa. Na waya zilizomo kwenye pikipiki ile nilizipima: nyuzi 14, kila uzi milimita 0.30, jumla yake milimita mraba 1. Kwenye jedwali za waya za magari, waya ya namna hiyo yenye ganda la plastiki imeandikiwa ampea 8.75.

Nikafungua kombe la taa ya mbele. Bando la nyaya la Triumph hupita shingoni, pale usukani unapozungukia, halafu linaingia kwenye kombe kupitia tundu lenye raba. Raba ilikuwa imekauka na kupasuka, nusu yake haipo. Ukingo wa chuma ulikuwa umelilamba ganda la waya mpaka shaba ikatoka, inang'aa upande wa juu, upande wa chini imeshaota ukijani. Kila usukani ulipokatwa kushoto, ile shaba iligusa masi, yaani chuma cha pikipiki kilichounganishwa na betri. Kuanzia pale kurudi chini ya tangi, karibu shibiri nzima, waya tatu zilikuwa zimeshikana kuwa kitu kimoja. Rangi zake hazitambuliki tena. Fyuzi sahihi ingekatika mara ya kwanza tu ile shaba ilipogusa chuma, papa angekasirika jioni moja, basi. Fyuzi ya 40 ilimruhusu aendelee kutembea huku bando likipikika.

Ndiyo maana mteja akisema "fyuzi hii inanisumbua" mimi humsikia anasema "kuna mahali panagusana".

Hesabu yenyewe si ngumu, mtoto wa darasa la sita anaiweza: wati gawanya kwa volti. Triumph za kuanzia 1966 ni volti 12. Taa ya mbele ya pikipiki hii ni wati 45, ni ampea 3.75. Taa ya nyuma wati 6, nusu ampea. Taa ndogo za vile vipimo viwili vya usukani, wati 2.2 kila moja, tuseme 0.4. Taa ya breki wati 21, hiyo 1.75, lakini ni ya muda mfupi. Honi ya aina ile nimeipima zaidi ya mara moja, inakula kati ya 3 na 4. Inabaki mfumo wa kuwasha: koili mbili na platini mbili (swichi ndogo zinazokata umeme wa koili ili cheche itoke). Platini zikiwa zimefungika kila koili inavuta kama 3.5, lakini injini ikizunguka zinafunguka na kufungika, kwa hiyo kwa wastani koili zote mbili pamoja ni kama 4. Ukiacha swichi imewashwa huku injini imezimwa na platini zote zimefungika, hiyo ni 7, na koili zinapata joto bure. Wengi wameua koili zao kwa njia hiyo.

Jumlisha safari ya usiku: 3.75, 0.5, 0.4 na 4. Ni karibu 8.7. Ongeza breki na honi kwa pamoja, mtoto kakatiza mbele yako, unafika 14 na kidogo kwa sekunde mbili tatu. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mzigo wa kudumu usizidi robo tatu ya namba ya fyuzi. 8.7 gawanya kwa 0.75 ni 11.6. Hakuna 11.6 sokoni, inayofuata ni 15. Na 15 inavumilia zile sekunde za honi bila shida.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linawachanganya hata mafundi wazuri. Kwenye Triumph fyuzi imekaa kwenye waya inayotoka ncha hasi ya betri, kwa sababu masi ya pikipiki hizi ni chanya, kinyume na unavyozoea. Umeme wa alterneta unaingia kwenye bando baada ya fyuzi, si kabla yake. Maana yake, ukiwa mwendoni fyuzi haibebi mzigo wote, inabeba tofauti tu kati ya kinachozalishwa na kinacholiwa. Mzigo wote fyuzi inaubeba ukiwa umesimama, injini ikinguruma polepole. Kwa hiyo mtu akiniambia fyuzi yake hukatika akiwa kwenye foleni ya kuingia mjini lakini barabara ya Kipushi ikiwa wazi haikatiki, simwambii ni uchawi. Mara nyingi mzigo umekaribia mno namba ya fyuzi, na alterneta ndiyo ilikuwa inamficha.

Sasa waya. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaochagua fyuzi kwa kujumlisha taa peke yake. Hesabu ya mzigo inakupa sakafu: chini ya hapo fyuzi itakatika bila kosa. Dari anaiweka waya, na tena waya nyembamba kuliko zote iliyo mbele ya ile fyuzi. Ile 8.75 ya milimita mraba 1 ni namba ya mtu mwangalifu, anayetaka waya isipate joto hata ikiwa imebanwa ndani ya bando na volti zisipotee njiani. Haiyeyuki ukiipa 15. Lakini 40 haiwezi, na 30 siithubutu. Kwa pikipiki ya papa niliamua waya kuu, kutoka betri mpaka swichi, niibadilishe kabisa niweke ya milimita mraba 2, nyuzi 28 za 0.30. Hiyo imeandikiwa 17.5. Namba hiyo hiyo ya Lucas, ukitazama vizuri.

Kupata waya hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Sisi ndio mji wa shaba, mji ulioanzishwa 1910 kwa sababu ya shaba na si kitu kingine, bomba la moshi la kiwandani unaliona popote uliposimama. Malori ya shaba yanapanga foleni mpaka mpakani. Halafu nenda sokoni ukanunue mita tano za waya, unauziwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu kama rangi ya kucha. Nasema hivi bila kucheka. Ina ukinzani kama mara moja na nusu ya shaba halisi, kwa hiyo waya unayoidhani ya 2 kwa kazi yake ni kama ya 1.3, na ikitikiswa tikiswa inakatikia ndani ya ganda. Silinda mbili za Triumph zinapanda na kushuka pamoja, zinatikisa kila kitu. Usiweke aluminiamu pale.

Kuijua ni rahisi. Menya waya, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. (Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ile ni nyeupe juu na nyekundu ndani, na ni nzuri.) Kiberiti pia kinasema: uzi mwembamba wa aluminiamu kwenye moto unajikunja na kunyong'onyea, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi joto 660. Shaba inataka 1085, inawaka wekundu na kubaki imesimama. Muuzaji akikukataza kukwangua, umeshapata jibu.

Mimi mwishowe nilichukua kwenye bando la gari la Kijapani lililokuwa linakatwakatwa vyuma chakavu. Waya za zamani, lakini shaba tupu.

Fyuzi iliyokufa usiitupe kabla hujaitazama, hasa ikiwa ya kioo. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati kwa pengo dogo, ujue ilizidiwa polepole: mzigo ni mkubwa, au fyuzi ni ndogo, au joto. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kitu kama kioo cha kujitazamia, ni shoti, tafuta panapogusana kabla hujaweka nyingine. Uzi ukiwa umekatika karibu kabisa na kofia ya chuma na kioo ni safi, basi umeme hauna kosa, ni mtikisiko. Na ukikuta kofia zimebadilika rangi lakini uzi mzima, kishikio kimelegea au kimeshika kutu: joto linatoka kwenye mguso mbovu. Hapo kubadilisha namba ya fyuzi hakusaidii kitu. Sugua au nunua kishikio kingine. Baada ya mvua za Desemba na Januari hii ndiyo hali ninayoikuta zaidi.

Na karatasi ya sigara badala ya fyuzi? Na msumari? Najua. Nimekuta hata kijiti cha kulehemu. Ukikwama njiani usiku, kati ya hapa na Likasi, na huna fyuzi, afadhali uzi wa shaba wenye kipimo unachokijua. Sisi tunaoviringisha mota tunaishi na vipimo hivi. Mhandisi mmoja wa Wales wa karne ya 19, William Preece, alitafuta kwa majaribio mkondo unaoyeyusha waya kulingana na unene wake, na kwa shaba hesabu yake inatoa hivi: uzi wa milimita 0.30 unayeyuka kwenye ampea kama 13 ukiwa hewani, wa 0.50 kwenye kama 28. Kubeba kwa kudumu, chukua karibu nusu. Kwa hiyo uzi mmoja uliouchomoa kwenye waya ya nyuzi 14 ni kama fyuzi ya 6 au 7: zima taa kubwa, fika nyumbani. Uzi wa 0.50 unakaribia 15. Ni wa kufikia nyumbani tu, na usiuguse na tangi wala ganda la plastiki, kwa sababu ukiyeyuka hakuna kioo cha kuzuia cheche.

Tulipomaliza bando jipya papa akauliza kwa nini sasa fyuzi ni tatu wakati Waingereza waliweka moja. Swali la haki. Hawakuwa peke yao: Honda CB750 ya 1969, pikipiki ya kisasa kuliko zote siku zake, nayo ilitoka na fyuzi kuu moja ya 15, ndogo zikaongezwa baadaye. Fyuzi moja inakidhi pikipiki ikiwa mpya. Ikishakuwa na miaka 50, waya ya taa ya nyuma ikigusa chuma chini ya madigadi, fyuzi moja inazima taa na injini kwa wakati mmoja, gizani, lori liko nyuma yako. Kwa hiyo: 15 kuu, karibu na betri kabisa, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na mtu, kiwe kifupi kama kidole. Halafu 10 ya taa na 10 ya koili. Taa zote pamoja na breki ni kama 6.4, kwa hiyo 10 inatosha. Koili nazo zinafika 7 platini zikiwa zimefungika, kwa hiyo sikuweka 7.5, nisije nikaitwa usiku. Kuna siku shoti kali itakata ya 10 na ya 15 kwa pamoja, hazijatofautiana sana. Lakini mara nyingi itatangulia ndogo.

Bando nimelifunga kwa utepe wa pamba ule wa kufungia mota, si tepu ya plastiki inayogeuka gundi kwenye joto la injini. Raba mpya ya kombe niliikata kwenye tairi la ndani la lori. Fyuzi za ziada, 15 moja na 10 mbili, ziko kwenye kichupa cha dawa chini ya kiti.

Papa aliridhika, isipokuwa jambo moja: anataka taa ya halojeni ya wati 100, kama ya mwanawe. Nikampigia hesabu mbele yake. Wati 100 ni ampea 8.3 kwa taa peke yake, na alterneta yake yote, injini ikizunguka kwa kasi, inatoa kama wati 120. Fyuzi naweza kumwekea ya kuikubali hiyo taa. Betri itaisha tu, na swichi ya taa ya 1970 itayeyuka mkononi.

"Basi ya LED?" akasema. "Ndola ziko."

LED ya wati 20 ningeipenda, ingempunguzia hata mzigo. Akirudi nayo nitaipima mezani kwanza kabla sijaifunga, kwa sababu masi ya pikipiki yake ni chanya, na nyingi ya taa hizo mwili wake wa chuma umeunganishwa na ncha hasi. Ukiifunga hivyo kwenye kombe la Triumph umejitengenezea shoti mwenyewe, na hiyo 10 itakatika siku ya kwanza.